Titi lijengwe lini? Kisa cha mgonjwa ambaye mionzi iligeuza mpango

Mwanamke wa miaka 46, fundi cherehani, alifika na uvimbe kwenye titi la kushoto. Biopsi, yaani kipimo cha kipande kidogo cha uvimbe, ilithibitisha saratani yenye vipokezi vya homoni ya estrojeni, isiyo na wingi wa protini ya HER2. Uvimbe ulikuwa na upana wa sentimita 4.6, na mamografia ilionyesha chembechembe za chokaa zilizotapakaa karibu nusu ya titi, kwa hiyo kukata uvimbe peke yake na kubakiza titi hakukuwezekana. Altrasaundi ya kwapa haikuona tezi yenye dalili mbaya. Ana kisukari aina ya 2, HbA1c (wastani wa sukari ya damu) ilikuwa 8.4%, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 31, havuti sigara. Ombi lake alilitoa kabla hata hajakaa vizuri kitini: asizinduke kutoka kwenye nusukaputi akakuta upande mmoja wa kifua ni mtupu.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa ameundwa kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara katika upasuaji huu, na vipimo vyake na alama zake ni vya mfano. Matokeo ya tafiti yanayotajwa ni ya tafiti halisi.

Njia zilizokuwa mezani

Ya kwanza ni kujenga titi papo hapo, katika upasuaji uleule wa kuliondoa. Ngozi ya titi hubaki, mtaro wa chini ya titi hubaki, na mgonjwa hulala mara moja tu kwa kazi kubwa. Ya pili ni kusubiri: titi linaondolewa, kidonda kinafungwa bapa, tiba zote zinakwisha, ndipo ujenzi unafanyika miezi au miaka baadaye. Ya tatu imekaa katikati. Wakati wa kuondoa titi unawekwa mfuko wa kutanua ngozi chini ya ngozi au msuli wa kifua, kisha uamuzi wa mwisho unangoja majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa tishu zilizotolewa. Kama mionzi haihitajiki, ujenzi kamili unafanyika mapema. Kama inahitajika, mfuko unashika nafasi hadi mionzi iishe.

Kuhusu usalama dhidi ya saratani yenyewe, kujenga papo hapo hakuongezi uwezekano wa ugonjwa kurudi mahali pale, wala hakuufichi usionekane, mradi upasuaji wa kuondoa titi umefanywa vizuri. Hofu hiyo bado inasikika kwa wagonjwa na hata kwa baadhi ya wauguzi, na inafaa ijibiwe waziwazi siku ya kwanza.

Kilichobaki ni mionzi. Tezi 4 au zaidi zikikutwa na saratani, mionzi ya kifua baada ya kuondoa titi ni ya lazima. Zikiwa 1 hadi 3, inajadiliwa, na mara nyingi inatolewa. Uvimbe unaozidi sentimita 5 nao unaielekeza timu huko. Mgonjwa huyu alikuwa na sentimita 4.6 na kwapa lililoonekana safi kwenye picha, yaani alikuwa amesimama hasa mpakani. Altrasaundi hukosa tezi nyingi zenye ugonjwa mdogo, na hilo lilijulikana.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza la kisa hiki, nalo ni la mpangilio. Tezi mlinzi, zile za kwanza kupokea maji ya limfu kutoka kwenye titi, zingeweza kutolewa katika upasuaji mdogo wiki moja au mbili kabla ya kuondoa titi. Ni kazi fupi, mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Majibu yake yangeondoa sehemu kubwa ya kubahatisha. Timu ilichagua kuzitoa siku ileile ya upasuaji mkubwa ili kumpunguzia mgonjwa safari moja ya chumba cha upasuaji. Nia ilikuwa njema, ila safari iliyookolewa ilikuja kulipwa baadaye kwa miezi.

Upasuaji wa kwanza

Ilichaguliwa njia ya tatu. Titi liliondolewa kwa kubakiza ngozi. Chuchu na duara lake viliondoka. Kipande kilichotolewa kilikuwa na uzito wa gramu 520. Mfuko wa kutanua wa mililita 450 uliwekwa chini ya msuli mkubwa wa kifua na kujazwa mililita 120 za maji ya chumvi, ikawekwa mirija miwili ya kutolea maji. Tezi mlinzi zilipimwa papo hapo kwa kugandishwa, zikaonekana na saratani, na kwapa likasafishwa.

Siku ya 6, ngozi ya chini ya kovu ilikuwa na eneo la sentimita 2 kwa 4 lenye rangi ya zambarau iliyokolea, lisilofifia likibonyezwa na kidole. Ngozi ilikuwa inakufa. Sababu zilikuwa tatu na zilisaidiana. Ngozi ilikwanguliwa nyembamba mno sehemu ya chini, ule mtandao wa vishipa vidogo chini yake ukaondoka pamoja na mafuta. Sukari ilikuwa juu. Na mililita 120 zilikuwa nyingi kwa ngozi ambayo tayari ilikuwa na damu kidogo. Kuanza na mfuko mtupu kabisa si aibu, kwa sababu ngozi ikishapona maji yanaongezwa tu.

Zilivutwa mililita 80 kupunguza mkazo. Hakuna aliyekimbilia kukata: mpaka kati ya ngozi hai na iliyokufa huchukua siku 10 hadi 14 kujichora. Siku ya 14 sehemu iliyokufa iliondolewa kwa ganzi ya mahali na kingo zikashonwa. Msuli uliokuwa umefunika mfuko ndio uliookoa hali. Kama mfuko ungekuwa juu ya msuli, chini tu ya ngozi ile, ungetokeza nje na kulazimika kutolewa. Mirija ilitolewa kila mmoja ulipotoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo.

Majibu ya patholojia: tezi 5 kati ya 16 zilikuwa na saratani. Mjadala wa mionzi ukafungwa.

Tibakemikali ilipangwa kuanza wiki ya 5. Kidonda kiliisogeza hadi siku ya 45. Hilo halikuleta madhara, maana kinachohusishwa na kupungua kwa uhai ni kuchelewa hadi siku 91 au zaidi baada ya upasuaji, kama ulivyoonyesha uchambuzi mkubwa wa wagonjwa wa California uliochapishwa mwaka 2016. Lakini akiba ya muda iliyobaki haikuwa kubwa, na ndiyo sababu ujenzi mzito papo hapo kwa mgonjwa mwenye sukari ya 8.4% ungekuwa hatari maradufu: tatizo la kidonda lingeuma titi jipya na ratiba ya dawa kwa pamoja.

Mfuko, dawa na mionzi

Mfuko ulijazwa katikati ya mizunguko ya tibakemikali, mililita 60 kila mara, siku moja au mbili kabla ya dozi inayofuata, wakati chembe nyeupe za damu zimekwisha kupanda. Kuchoma sindano kwenye mfuko wakati nutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na wadudu, ziko chini ni kukaribisha wadudu kwenye kitu kigeni kisicho na damu. Tundu la kujazia hutafutwa kwa sumaku juu ya ngozi. Mifuko ya aina hiyo haikubaliani na MRI, skani inayotumia sumaku kubwa, na kadi inayosema hivyo anapaswa kuwa nayo mgonjwa mwenyewe, isiishie kwenye faili. Ulifikia mililita 400.

Kabla ya skani ya kupanga mionzi, daktari wa mionzi aliona kwamba mfuko uliojaa kiasi hicho unazuia miale isifuate vizuri tezi za kando ya mfupa wa kifua bila kupitisha nyingi mno kwenye pafu la kushoto na moyo. Zilitolewa mililita 150. Kanuni hapa ni moja na haina msamaha: ujazo uliopo siku ya skani ndio utakaobaki hadi kikao cha mwisho. Ukiongeza au kupunguza hata kwa huruma, umbo la kifua linabadilika na dozi inaangukia pasipopangwa. Alipata dozi ya mionzi ya greyi 50 kwa vikao 25, wiki 5.

Wiki mbili baada ya mionzi kujaza kulianza tena, lakini ngozi ilikwisha kugoma. Mililita 30 zilitosha kumletea maumivu ya siku tatu. Miezi sita baadaye mfuko ulikuwa umepanda juu kuelekea mfupa wa bega, mgumu kama mpira uliojazwa upepo, na umbo lake baya lilionekana hata kwenye nguo: daraja la III la Baker, kipimo cha ugumu huu chenye madaraja I hadi IV. Mionzi huufanya utando wa kovu unaozunguka kitu kigeni kuwa mnene na kusinyaa, na kadiri miezi inavyopita ndivyo unavyobana. Kwenye cherehani, mkono wa kushoto unaosukuma kitambaa ulichoka kabla ya saa moja kwisha.

Alama zilisema nini

Ubora wa maisha ulipimwa kwa BREAST-Q, dodoso lililochapishwa mwaka 2009 ambalo wagonjwa wenyewe hulijaza. Kila eneo lina alama 0 hadi 100, juu ndiko kuzuri, na tofauti ya takriban alama 4 tayari ina maana kwa mgonjwa.

Kabla ya upasuaji, kuridhika na matiti kulikuwa 58 na hali ya nafsi na mahusiano 62. Katikati ya tibakemikali, mfuko ukiwa ndani, zilikuwa 36 na 41. Miezi sita baada ya mionzi, 29 na 38. Afya ya mwili ya eneo la kifua ilishuka kutoka 84 hadi 52. Ya tendo la ndoa ilitoka 52 ikafika 22.

Tazama 41 ile ya katikati. Huyu ni mtu ambaye hakuzinduka na kifua kitupu. Ombi lake lilitimizwa. Mbona alama zilianguka namna ile? Sehemu ni tibakemikali, nywele, uchovu. Sehemu nyingine iko kwenye maelezo yake ya mdomo: aliambiwa anawekewa "titi la muda". Alichokipata ni kitu kigumu, baridi kukigusa, kisichotikisika anapotembea, kinachouma akilala ubavu, na kisicho na chuchu. Neno "titi" lilimfanya akipime kwa titi alilolipoteza. Mfuko ni mshika nafasi. Unahifadhi ngozi na mtaro wa chini, basi. Mgonjwa akielezwa hivyo mapema huuvumilia kwa moyo mwingine kabisa, na wagonjwa wengine wakielezwa hivyo huamua hawautaki, wanachagua kubaki bapa na kuvaa titi la bandia ndani ya sidiria hadi wakati ufike. Uamuzi huo nao ni halali.

Ujenzi wenyewe

Baada ya mionzi, tishu huachwa zitulie angalau miezi 6, na timu nyingi husubiri hadi 12. Hapa ilikuwa miezi 9. Kungoja huku kulikuwa na faida moja ambayo ujenzi wa papo hapo usingeweza kuitoa: HbA1c ilishuka hadi 6.9%. Kipimo hiki hubeba habari ya takriban miezi mitatu, kwa hiyo hakuna ujanja wa kukirekebisha ndani ya wiki tatu zinazotangulia upasuaji wa saratani. Tamoksifeni, dawa yake ya kuzuia estrojeni, ilisimamishwa wiki 3 kabla ya siku ya upasuaji kwa sababu huongeza kuganda kwa damu, na ganda dogo tu linatosha kuua kipande cha tishu kinachotegemea mshipa wenye upana wa milimita 2 au 3.

Ilitumika ngozi na mafuta ya tumbo la chini, upasuaji wa DIEP, unaoacha msuli wa tumbo mahali pake na kufuata vishipa vinavyoupenya. Skani ya mishipa ilikuwa imeonyesha vishipa viwili vizuri upande wa kulia wa kitovu. Mfuko ulitolewa na utando wa kovu ukakatwa. Mishipa ya kupokea ilikuwa ile ya kando ya mfupa wa kifua, chini ya gegedu ya ubavu wa tatu. Katika kifua kilichopigwa mionzi, ukuta wa ateri huweza kutengana tabaka kwa tabaka sindano inapopita. Sindano huingizwa kutoka ndani kwenda nje, na mkono hauharakishwi. Ateri ilishonwa kwa uzi mwembamba sana wa 9-0, vena ikaunganishwa kwa pete ya milimita 2.5. Kipande kilikaa bila damu dakika 70. Kazi nzima ilichukua saa 8.

Saa ya 9 baada ya kutoka chumba cha upasuaji, muuguzi wa zamu aliandika: rangi inaelekea bluu, damu inarudi chini ya sekunde 1 baada ya kubonyeza, kipande kimejaa. Alichoma kwa sindano; ikatoka damu nyeusi, haraka. Hizo ni dalili za vena kuziba: damu inaingia, haitoki. Ateri ikiziba picha ni kinyume, kipande hupauka, hupoa, na ukikichoma hakitoi kitu. Wengi huhofia weupe, na bluu iliyochangamka huwadanganya kwa sababu inaonekana kama uhai. Muuguzi huyu hakudanganyika. Ndani ya dakika 50 mgonjwa alikuwa tena mezani. Bonge la damu la mililita 60 lilikuwa limeikunja vena. Liliondolewa, vena ikanyooshwa, rangi ikarudi. Kukagua kila saa kwa saa 24 za kwanza ni kazi inayochosha na ambayo wodi yenye watu wachache huifupisha kwanza. Kama ingekaguliwa kila baada ya saa 4, kipande hiki kingeweza kupotea.

Mwaka mmoja baadaye

Miezi 12 baada ya DIEP, kuridhika na matiti kulifika 70, juu ya pale alipoanzia. Hali ya nafsi na mahusiano 74. Afya ya mwili ya kifua ilisimama 71 na haikurudi 84. Bega lililosafishwa kwapa na kupigwa mionzi halisahau, na mkono ulivimba kwa limfu kiasi cha kuhitaji nguo ya kubana mkono. Tumbo, ambalo hapo awali halikuwa na shida yoyote, lilishuka kutoka 88 hadi 79. Tendo la ndoa lilikuwa 44, bado chini ya mwanzo. Titi jipya lina joto na ulaini, halina hisia, na hakuna aliyemweleza kabla kwamba kutazamika vizuri na kuhisi ni mambo mawili tofauti.

Mtindo huu unafanana na ule wa utafiti wa MROC, wa matokeo ya kujenga titi, uliofuatilia wagonjwa katika vituo 11 vya Marekani na Kanada. Wagonjwa waliojenga kwa tishu zao waliridhika zaidi na matiti yao baada ya miaka 2 kuliko wenye vipandikizi, yaani matiti ya kutengenezwa yanayowekwa chini ya ngozi. Waliochelewesha ujenzi walikuwa na matatizo machache kuliko waliojenga papo hapo, na baada ya miaka 2 ubora wa maisha ulioripotiwa na makundi hayo mawili ulikaribiana. Na kwa wale waliopigwa mionzi, ndani ya miaka 2 tatizo moja au zaidi la titi liliwapata 38.9% ya wenye vipandikizi, dhidi ya 25.6% ya waliotumia tishu zao.

Usomaji mbaya wa matokeo hayo ni kusema, basi wakati haujalishi, wote hufika palepale. Dodoso la miaka 2 halipimi miezi iliyoliwa njiani. Mgonjwa huyu alikaa zaidi ya mwaka kati ya alama 29 na 41. Shimo lilikuwa katikati, na hapo ndipo alipolea watoto, alipopoteza wateja, alipolala chali kila usiku.

Je, njia nyingine ingemfaa zaidi? Kipandikizi cha silikoni papo hapo kisha mionzi, hapana. Ugumu uliotokea kwenye mfuko ungetokea kwake pia, na angefika kwenye DIEP ileile. DIEP papo hapo kisha mionzi juu yake inafanyika katika vituo vyenye uzoefu na matokeo yanayokubalika, kipande kikisinyaa kiasi na wakati mwingine kuwa kigumu, lakini kwa sukari ile na tibakemikali ikisubiri, ilikuwa sahihi kuikwepa. Kinachobaki ni kufunga bapa na kufanya DIEP baadaye. Kama tezi mlinzi zingetangulia, hilo lingewekwa mbele yake kwa uzito sawa na mfuko: hakuna ngozi iliyokufa kwa kuvutwa, hakuna safari za kujazwa, hakuna daraja la III. Gharama yake ni kifua kitupu, yaani kile alichosema hakitaki, na kiraka kikubwa zaidi cha ngozi ya tumbo juu ya kifua. Kwa hukumu yetu, mfuko ulimlipa kidogo kuliko alivyoahidiwa, kwa sababu mionzi iliichukua tena sehemu kubwa ya ngozi iliyohifadhiwa.

Mwezi wa nne baada ya DIEP lilijitokeza donge gumu la sentimita 3 ukingo wa juu wa titi jipya. Mgonjwa alikata tamaa kwa wiki mbili kabla ya kusema. Altrasaundi na biopsi zilionyesha mafuta yaliyokufa, jambo la kawaida pembezoni mwa kipande ambako damu ni hafifu. Donge la namna hii hupimwa kila mara, halikisiwi, na mgonjwa huambiwa kabla ya kuruhusiwa nyumbani kwamba linaweza kutokea. Baadaye shimo dogo lililobaki lilijazwa mafuta kutoka pajani, na duara la chuchu likachorwa kwa wino.

Mwezi wa tano, usiku wa maumivu ya mgongo, alilala akikumbatia mpira wa maji ya moto. Asubuhi alikuta lengelenge la sentimita 3 kwenye titi jipya. Hakuwa amehisi chochote. Lilichukua wiki 3 kupona. Karatasi yake ya kuruhusiwa ilieleza mirija, dawa na tarehe ya kurudi, bila neno hata moja kuhusu joto. Sentensi iliyoongezwa kwenye karatasi hiyo inasema: ngozi ya titi jipya na ya tumbo chini ya kovu haihisi moto, usiiwekee mpira wa maji ya moto, kitambaa cha moto wala pasi karibu, na maji ya kuoga yapime kwa mkono wa upande ambao haukufanyiwa upasuaji.